Gari Lililonuka Chapati

Kaka yangu mkubwa anajua kila kitu. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nimemwonea. Anajua siasa, anajua dawa za kuku, anajua namna ya kuhifadhi mahindi yasitobolewe na wadudu, ingawa mara ya mwisho kushika jembe alikuwa bado anavaa kaptura ya shule. Anakaa Dar es Salaam, ana ofisi yenye kiyoyozi, na kila Krismasi anakuja kwetu Mgori kutufundisha namna ya kuishi.

Mwaka huo alikuja na boksi la spana.

Lilikuwa jipya, la plastiki nyekundu, kila spana imelala kwenye kitundu chake. Alishuka nalo kwenye basi akiwa amelikumbatia, kwa sababu gari lake mwenyewe, alituambia, lilikuwa gereji. Hilo peke yake lilipaswa kutushtua. Mtu ambaye gari lake liko gereji anakujaje kutengeneza la wenzake? Lakini sisi ni watu wa adabu, na kifungua mimba wetu hahojiwi. Nilimpa shikamoo yake, akaipokea kwa kidevu, nami nikabeba begi.

Gari lenyewe ni kigari cha mtumba, rangi ya fedha, tulichomnunulia baba kwa kuchangishana baada ya kiharusi kumwangusha. Mkono wake wa kulia haukamati kitu, na mguu wa upande huo anauburuza. Kila mwezi lazima afike kliniki mjini Singida apimwe presha, apewe dawa, na dada wa mazoezi amnyooshe vidole. Basi la asubuhi lina ngazi ndefu na abiria wenye haraka. Bodaboda hawezi, maana atajishikilia kwa mkono gani? Kwa hiyo kigari kile ndiyo miguu ya baba, na dereva wake ni mimi, mjane niliyerudi nyumbani, muuza mafuta ya alizeti. Nilijifunza kuendesha nikiwa tayari na mvi, na wiki ya kwanza niligonga jogoo wa jirani. Tangu hapo sijagonga kitu.

Kaka aliliendesha hadi kwenye josho na kurudi, akashuka akitikisa kichwa.

“Breki zinapiga kelele,” alisema.

Ni kweli zilikuwa zinalia kidogo, kama za gari lolote linalokaa kwenye vumbi letu. Fundi wa mjini alikuwa ameniambia pedi zimekaribia kuisha, nikipata nafasi nimpelekee abadilishe. Kaka hakutaka hata kusikia habari za fundi wa mjini.

“Hawa mafundi wa huku ni wababaishaji watupu. Breki ni kitu kidogo sana. Nimeangalia kwenye simu.”

Ameangalia kwenye simu! Mtu mzima, amesoma kwa jasho la mtama wa baba na kuku wa mama, kisha elimu ya breki anaipata kwenye simu, kati ya matangazo ya biashara na video za watu wanaoanguka. Lakini nani amwambie? Pedi mpya alikuwa amekuja nazo kwenye mfuko. Akavua saa, akakunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko, akapiga jeki mbele ya nyumba, na familia nzima ikatoka kuangalia kama watu waliokuja kwenye mkutano wa hadhara. Baba alitolewa na kiti chake cha kamba, akawekwa upenuni, karibu kabisa na tairi la mbele.

Mimi nilikuwa jikoni nasukuma chapati, kwa sababu wageni wakishajaa mtu fulani lazima awe jikoni, na mtu huyo huwa ni mimi. Nilisikia nyundo ikigonga pale ambapo sidhani kama simu ilisema pagongwe. Nilisikia kaka akiuliza habari ya grisi. Grisi nyumbani hatuna, tungeiweka wapi? Baadaye kidogo nikanyoosha mkono kuchukua bakuli langu la mafuta, silioni. Nilidhani limepelekwa kumchulia baba mguu. Kwetu alizeti ni mafuta ya kila kazi: tunapikia, tunapaka ngozi, tunalainishia bawaba za mlango, na baba mwenyewe alipokuwa na nguvu aliyatia kwenye mnyororo wa baiskeli. Nikamimina mengine kwenye sufuria ndogo, nikaendelea na chapati zangu.

Jioni ile breki zilikuwa kimya. Kaka alipiga raundi mbele ya nyumba huku amefungua vioo, ili tusikie vizuri kwamba hakuna cha kusikia. Mdogo wangu wa Dodoma, mwalimu wa sekondari ambaye hajawahi kupinga neno la kaka tangu aanze kusema, alipiga makofi. Na baba akasema, “Mwanangu.” Neno moja tu. Lakini lilisemwa kwa sauti ambayo mimi, niliyemwogesha asubuhi ile na kumvalisha soksi, sijawahi kuitiwa nayo.

Haya, wageni wakaondoka, vyombo nikaosha.

Mwezi wa pili ulipofika, gari likaanza kula mafuta. Zamani tenki likijaa lilitupeleka kliniki na kuturudisha, safari ya mwezi unaofuata vilevile, na kikabaki kidogo cha kwendea kanisani. Sasa safari moja tu, na kurudi naangalia mshale wa geji kwa jicho moja na barabara kwa jicho jingine. Tena gari lilikuwa zito. Nikiondoa mguu kwenye mafuta, badala ya kuteleza lenyewe kama zamani, linapungua mwendo ghafla, kama kuna mtu nyuma kalishika shati.

Hela ya mafuta hutumwa na kaka, na huo ni wema wake, siukatai. Tatizo la wema wa kaka ni kwamba huja na maswali. Tuna kundi la familia kwenye simu, lilianzishwa kwa ajili ya kupeana taarifa za afya ya baba. Kaka aliligeuza bodi ya wakurugenzi. Tuma picha ya geji kabla ya safari. Tuma picha ya geji baada ya safari. Mbona picha haionyeshi vizuri? Siku moja alinitaka nieleze kwa nini nilipita sokoni, nikamweleza kwamba baba yake hula, na chakula huuzwa sokoni. Mdogo wangu akaandika, “Dada, jibu kwa ustaarabu.” Huyo ndiye mwalimu. Maskini wanafunzi wake.

Kisha ukaja msiba wa shangazi yetu mmoja, na mdogo wangu akaja kuzika. Nilimpeleka stendi ya mjini kwa gari lile lile. Katikati ya safari akaanza kunusanusa.

“Dada, mbona gari lako linanuka mafuta ya kupikia?”

Nilinusa na mimi. Ilikuwa kweli. Harufu ya chapati, si chapati nzuri ya asubuhi, bali ile harufu ya kikaango kilichosahaulika motoni. Nilidhani ni nguo zangu. Mtu anayeuza alizeti kutwa hawezi kubishana na pua ya mtu mwingine, kwa hiyo nikacheka, nikamwambia ndiyo manukato yangu hayo. Yeye hakucheka. Basi lake halijafika hata Manyoni, tayari alikuwa ameandika kwenye kundi: “Nimepanda gari la baba leo. Linanuka alizeti. Nadhani tunaelewana.”

Kaka alielewa haraka, kama kawaida yake.

“Sasa nimejua mafuta yanaishia wapi,” aliandika. “Gari la mgonjwa limegeuzwa kirikuu cha mizigo.”

Yaani nabebea madumu. Yaani nampakia baba kiti cha mbele kama kisingizio, nyuma napakia biashara, nazunguka Singida nzima kuuza mafuta kwa petroli ya kaka. Niliisoma sentensi ile nikiwa nimesimama mlangoni, na mbele yangu, ng'ambo ya barabara, kabisa ng'ambo ya barabara, palikuwa na mashine ya kukamulia alizeti ninakochukua madumu yangu. Yanavushwa na punda. Yule punda ana akili ya kutosha kujua kwamba safari ile haihitaji gari. Kaka yangu na shahada yake alishindwa.

Nilikwenda kwa fundi wa mjini, yule yule aliyeitwa mbabaishaji, na naomba niseme wazi kwamba katika jambo hili kaka hakukosea. Ni fundi wa maneno. Gereji yake iko chini ya jiwe kubwa, moja ya yale mawe yetu ya Singida, na muda wote kuna watu wamekaa kwenye viti vya magari vilivyong'olewa, hawana gari, wanamsikiliza. Nikamweleza shida yangu kwa Kiswahili nilichojaliwa.

“Fundi, gari inakula mafuta. Halafu breki zinashika.”

“Zinashika?”

“Zinashika sana.”

Akawageukia watu wake kwanza, ndipo akanijibu. “Mama, breki si ndiyo kazi yake kushika? Siku zikiacha kushika ndiyo uje hapa unililie.”

Wakacheka wote. Akaingia kwenye gari, akaenda hatua chache, akakanyaga, gari likasimama pale pale. “Umeona? Inashika mpaka raha! Aliyekufungia hizi breki ni fundi kweli kweli.” Kisha akafungua boneti, kwa sababu mafundi wa namna hii hupenda kufungua kile ambacho hukulalamikia, akanibadilishia plagi, akapuliza kichujio cha hewa, akaongeza upepo kwenye matairi, akalaani vituo vya mafuta kwamba vinachakachua petroli. Mwisho akataja sensa ya injini. Fundi akishafika kwenye sensa, ujue hana jingine. Nilirudi Mgori na gari zito vile vile, linanuka vile vile, na sifa za kaka zimeongezeka.

Wiki iliyofuata kikaitishwa kikao cha familia kwa simu. Nasema kikao, lakini alizungumza mtu mmoja. Kaka alisema amesikitishwa. Alisema gari limekosa mwangalizi. Alisema Pasaka atakuja kulichukua, akae nalo Dar es Salaam alitunze, “maana huko limefika kwenye mikono isiyo salama.” Gari lake bado lilikuwa gereji, lakini hilo hakulitaja, na mimi nilipolitaja mdogo wangu alisema tusitoke nje ya mada.

“Na kliniki?” niliuliza.

“Tutaangalia usafiri mbadala. Kuna vijana wa bodaboda wastaarabu tu.”

Usafiri mbadala! Hayo ndiyo maneno ya watu wa kiyoyozi. Nikamwambia baba yako mkono wake haushiki, umfunge kwa kamba kama mbuzi wa mnadani? Akasema naleta hisia. Akasema kama gari ni bovu kweli, nilete ushahidi, na kama hakuna ushahidi, basi ubovu uko kwa dereva. Simu ilikuwa kwenye spika. Baba alikuwa amekaa pembeni yangu anasikia kila neno, anachezea kitambaa cha meza kwa mkono wake mzima. Nilidhani ameumia kwamba miguu yake inachukuliwa. Nilimhurumia hadi nikashindwa kula.

Kwa hiyo lililobaki lilikuwa wazi. Nipate ubovu wa gari kabla ya Pasaka, au baba akae nyumbani vidole vikijikunja.

Siku ya kliniki iliyofuata nilivaa nguo za kanisani, zilizofuliwa na kupigwa pasi, ambazo hazijawahi kukaribia dumu. Baba nilimfunga mkanda, tukaondoka. Kabla ya kuingia mjini kuna mteremko mrefu. Pale mimi nilikuwa na tabia ya kutoa gia, niache gari liteleze lenyewe hadi chini. Si tabia nzuri, hata madereva wa malori kule Shelui wanakatazwa na wanafanya. Siku ile nikatoa gia. Gari likateleza kidogo, likasita, likapungua, likasimama. Mteremkoni! Sijakanyaga kitu, mguu wangu uko hewani, na gari limesimama kwenye mteremko.

Nilishuka. Harufu ikanipokea, na safari hii sikuwa na nguo za kusingizia. Ilitoka kwenye tairi la mbele la kushoto. Nilisogeza kiganja kwenye rimu, nikakirudisha haraka. Nikachukua chupa ya maji ya kunywa, nikanyunyizia kidogo, ikalia chwaaa, mlio ninaoujua kuliko sauti yangu mwenyewe. Ni mlio wa karai lililoiva, tayari kwa maandazi. Nilichuchumaa pale barabarani, malori yananipita, nikashika magoti. Bakuli langu la Krismasi lilikuwa limeonekana.

“Twende,” baba alisema kutoka ndani. “Tutachelewa.”

“Baba, njoo unuse hii.”

“Twende, nimesema.”

Nilimwacha kliniki mikononi mwa dada wa mazoezi, nikaenda moja kwa moja chini ya lile jiwe. Safari hii sikusema zinashika.

“Fundi, breki haziachii.”

“Haziachii?” Uso wake ukabadilika. “Sasa mbona hukusema tangu siku ile? Ungeniambia haziachii ningejua!”

Lugha nzima ya Kiswahili ilikuwa mbele yake, imejaa na imefurika, na yeye alikuwa akingoja kitenzi kimoja. Akafungua tairi. Akanionyesha: pedi zinabanwa na chuma kimoja, na chuma hicho kinateleza juu ya pini mbili. Pini zikigoma kuteleza, pedi zinabaki zimelibana tairi hata ukiondoa mguu, na injini inakunywa petroli ili kulivuta gari lililofungwa breki. Hata mimi nilielewa. Pini ya kwanza ilitoka kwa nyundo. Ya pili ilitoka kwa nyundo na matusi. Zote zilikuwa zimefunikwa na kitu cha rangi ya kahawia iliyokoza, kinang'aa, kinanata.

“Nani kakuwekea gundi humu?” aliuliza, na wale wa kwenye viti wakanyanyuka kuja kuona.

Nilikwangua kwa ukucha, nikanusa. Mwanamke yeyote aliyewahi kupika chapati anakijua kitu kile. Ndicho kinachoganda mgongoni mwa kikaango pale mafuta yanapomwagikia nje na kuungua kila siku. Kwanza kinakuwa cha njano, kisha kahawia, kisha sabuni haikitoi, hadi mchanga na majivu. Kaka yangu aliyekosa grisi alikuwa ameogesha pini za breki kwa alizeti, mafuta mazuri ya chakula, na kila safari ya kwenda kliniki ikayakaanga.

Fundi alisugua, akasafisha, akapaka grisi ya breki yenyewe. Pini moja ilikuwa imelika, akanitafutia nyingine, na ile mbovu nikaifunga kwenye leso. Upande wa kulia tulikuta vile vile. Kisha nikaliendesha. Nilipoondoa mguu kwenye mafuta, gari likaendelea lenyewe, jepesi, likanipitisha gereji, likanipitisha kibanda cha mahindi ya kuchoma, bado linakwenda. Nilifurahi hadi machozi yakatoka, mwanamke mzima nimevaa nguo za kanisani. Gari lingebaki. Baba angenyooshwa vidole. Na yule wa kirikuu angekula maneno yake pamoja na chapati.

Njiani kurudi nilimsimulia baba yote. Aliangalia dirishani hadi tukafika.

Pasaka kaka akaja, na mdogo wangu akaja. Nilimpa kaka shikamoo yake. Walipomaliza kula wali na kuku, kaka akajifuta mdomo na kuanza hotuba ya kuchukua gari. Nikamkatiza. Nikaenda jikoni, nikarudi na sahani ya chapati, na juu ya sahani hakuna chapati, ipo pini. Nikaiweka mbele yake.

“Ushahidi uliotaka,” nikamwambia. “Nusa.”

Hakunusa. Nikaeleza kila kitu: mteremko, rimu ya moto, maji yaliyolia chwaaa, gundi, tenki ambalo tangu siku ile mshale wake ulikuwa bado haujashuka nusu. Kaka alisikiliza akiwa amefumba jicho moja, kama anavyowasikiliza watu wa chini yake.

“Hii kaiweka fundi wako,” alisema. “Mimi nilipaka grisi.”

“Grisi ilitoka wapi?”

“Nilikuja nayo.”

“Uliyokuwa ukiiulizia hadi jikoni nikakusikia?”

“Dada,” mdogo wangu akasema, “usimvunjie kaka heshima.” Kisha akainamia simu yake, kana kwamba humo ndimo jibu lilimo.

Sikutaka kubishana na hao wawili. Kubishana nao ni kupoteza mate. Nilikuwa na shahidi, na shahidi alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, amevaa shati jeupe la Pasaka nililompigia pasi mimi.

“Baba,” nikasema, “wewe ulikuwepo. Ulikaa upenuni, tairi liko miguuni pako. Kaka alipaka nini?”

Baba alijifuta mdomo kwa mkono wa kushoto, akaangalia pini, akamwangalia mwanawe, mimi hakuniangalia.

“Sikuona vizuri,” alisema. “Jua lilikuwa kali.”

Baba yangu ana macho ya kumtambua mbuzi wa jirani akiwa ng'ambo ya bonde. Na Krismasi ile mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri. Nakumbuka kwa sababu shuka nilizofulia wageni hazikukauka, walilalia za akiba.

Basi, ikawa imekwisha. Kaka aliondoka na gari Jumatatu asubuhi, na boksi lake jekundu kwenye kiti cha mbele, pale anapokaa baba. Alisema kijana wa usafiri ameshampata, mtu wa uhakika, tarehe ya kliniki ikifika tutamwona. Jioni aliandika kwenye kundi kutoka njiani: “Gari halili mafuta hata kidogo likiwa kwenye mikono mizuri.” Mdogo wangu akaweka makofi. Niliisoma mara moja tu, nikageuza simu kifudifudi.

Lakini kabla ya hapo, vumbi la gari lilipokuwa bado halijatulia barabarani, nilikuwa uani naosha ile sahani, na baba akanifuata taratibu, anaburuza mguu. Akaanza kwa Kinyaturu, lugha anayoitumia akiwa na neno zito, kisha akahamia Kiswahili.

“Nilimwona akiyapaka,” alisema.

Niliendelea kuosha.

“Yule ni wa kwanza. Ni mwanaume. Ningemwaibisha mbele ya wadogo zake?”

“Na mimi je, baba? Nimeitwa mwizi mezani pako.”

Alinitazama kwa mshangao, mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho hata mtoto anakijua.

“Wewe si upo tu hapa,” alisema.

Kaka nimemdharau miaka mingi, nimezoea, ni kama kuvaa kanga. Fundi nilimdharau kwa mchana mmoja nikasahau. Baba nilikuwa sijawahi. Sikujua hata kama inawezekana, na nilipoiona ile dharau imefika kwake iliniuma mimi zaidi kuliko ilivyoweza kumuuma yeye. Nilisuuza sahani, nikaifuta, nikaiweka kabatini. Nikampa dawa zake za jioni kwa wakati wake.

Siku ya kliniki ilipofika alijiandaa mapema. Nilimwogesha, nikamvalisha soksi, akataka koti na kofia. Nikamtoa na kiti chake hadi upenuni, mahali pale pale. Mawingu yalikuwa yametanda, mvua za mwisho mwisho za msimu. Alikaa ameweka cheti chake cha kliniki juu ya goti, anakishikilia kwa mkono mzima. Asubuhi ikaenda. Watoto wa shule walipita, punda wa alizeti akapita, kijana wa kaka hatukumwona. Nilimpigia kaka simu, ikaita hadi ikakata.

“Mwanangu alisema atatuma mtu,” baba alisema.

“Alisema.”

“Hebu angalia barabarani. Unaona chochote?”

Nilisimama upenuni, nikaangalia. Barabara yetu imenyooka, kutoka pale unaiona hadi inapoingia msituni, na siku ile hapakuwa na vumbi wala jua la kuumiza jicho. Ilikuwa tupu kabisa.

“Sioni vizuri, baba,” nikamwambia. “Jua ni kali.”